Dakika Moja na Nusu kwa Mzee Eelis

Marketta Hyvölä alikaa kwenye kiti cha wageni bila kuvua koti, akiangalia theluji ya buti zake ikiyeyuka na kufanya kidimbwi juu ya zulia la ofisi. Alitamani kukifuta kwa skafu yake kabla bosi hajakiona. Lakini Outi, bosi mwenyewe, hakuwa na habari na zulia. Alikuwa amegeuza kompyuta upande, wote wawili waone.

"Soma."

"Miwani nimeisahau nyumbani, bosi."

"Basi nakusomea. Jana Jumatatu, kwa mzee Eelis Pukkila. Kuogeshwa, dawa, uji. Umeingia saa mbili na dakika tano. Umetoka saa mbili na dakika sita na nusu." Outi akanyamaza kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuona aibu. "Dakika moja na nusu, Marketta. Mzee wa kilo mia na kumi. Mimi gari langu nikilipeleka kwenye mashine ya kuosha linachukua dakika nane, na halivai suruali."

"Nilimwogesha mpaka nyuma ya masikio."

"Kibao kinasema hukumwogesha."

Vibao hivyo vya mkononi vilikuwa vimeletwa na manispaa ya Koskiniva mwezi wa Oktoba, kimoja kwa kila mhudumu wa wazee. Ukifika kwa mzee unakigusisha kwenye kibandiko kilichopo mlangoni, saa inaanza kuhesabu. Unasoma humo dawa zake, unaandika amekula nini. Ukimaliza unagusisha tena, na kibao kinatuma habari zote ofisini kwa mtandao kabla hujapanda baiskeli. Wahudumu wengine walikuwa wanasifu. Kwa Marketta, jedwali zima lilikuwa dakika moja, dakika mbili, sekunde hamsini.

"Nimewapigia wazee wako simu," Outi alisema, sasa akiangalia meza. "Eelis alikata. Mama Hilja amesema hajaona mtu nyumbani kwake tangu vita viishe."

"Hilja huwa anasema hivyo hata mbele yangu!"

"Najua. Lakini mimi nikipeleka maneno kwa kamati, kamati inataka jedwali." Outi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa jedwali tu. "Nafasi ya kudumu ni moja na nilikuandika wewe wa kwanza. Miaka kumi na moja unashika nafasi za watu, mkataba wa miezi mitatu, mkataba wa miezi minne. Sitaki iwe kumi na miwili. Njoo Ijumaa saa saba mchana na maelezo. Ukija bila maelezo, namwandika mwingine, na Januari sitakuwa na mkataba wa kukupa."

Marketta akainuka. Mlangoni akageuka, akainama, akafuta kile kidimbwi kwa skafu.

* * *

Nyumbani Veijo alikuwa anamenya viazi. Tangu kiwanda kimpunguze mwezi wa Aprili, yeye ndiye mpishi, na alikuwa anamenya viazi kama mtu aliyehukumiwa. Mama yake, bibi Lempi, anayekaa kwenye kijumba cha uani na kula kwao, alikuwa mezani na sahani ya chini ya kikombe mkononi, anafyonza kahawa kupitia donge la sukari alilolibana kwa meno.

"Wameniita mwizi," Marketta alisema, akatupa glavu juu ya jiko la kuni.

"Mwizi wa nini?" Veijo akauliza.

"Wa dakika."

Akasimulia yote. Alipofika kwenye habari ya gari la Outi kuoshwa, bibi Lempi aliweka sahani chini.

"Huyo Outi ni mtoto wa nani?"

"Mama, sasa hiyo inahusu nini?"

"Nauliza. Nikijua ukoo najua ugonjwa."

Veijo alinawa mikono, akanyoosha kiganja. "Kilete hicho kibao."

"Ni cha manispaa. Marufuku kukifungua, marufuku kukiwekea kitu. Tulisaini."

"Nani anakifungua? Nakiangalia tu." Akakigeuza huku na huku, akabonyeza pembeni kwa kidole gumba, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyekutana na mke wa zamani sokoni. "Ni hiki hiki. Mungu wangu, waliwauzia manispaa hiki hiki."

Kwa miaka kumi na minne Veijo alikuwa mtu wa chumba cha baridi. Kiwanda kilikuwa kinatengeneza vibao, na yeye alikuwa anavigandisha, anaviyeyusha, anaviangusha, kisha anaandika vilivyokufa na sababu yake. Siku ya kuagwa, watu wote wa maabara hawakupewa saa wala picha ya ukutani. Walipewa kila mmoja kibao kile alichokuwa anakitesa, ndani ya boksi, na utepe. Boksi la Veijo lilikuwa juu ya kabati la viatu, utepe haujafunguliwa. Marketta alikuwa anafuta vumbi lake kila Jumamosi na hathubutu kulitaja.

Sasa Veijo alilishusha mwenyewe. Utepe akaukata kwa kisu cha viazi.

"Ni baridi," alisema. "Nakwambia mapema. Unaendesha baiskeli nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, betri inalegea, kibao kinadhani kimekufa, ziara inafungwa. Tulipigana na wakubwa miaka miwili juu ya jambo hilo. Nitaandika programu ndogo, nikiambie kibao kisiamini betri inapolia baridi."

"Kwa hiyo hakuna cha kununua?"

"Kununua nini? Chuma kikishatoka kiwandani kimetoka. Hakirudi kutengenezwa. Kinachobaki ni kukidanganya kwa maneno." Alikuwa anafungua kompyuta huku anaongea, viazi vimesahaulika. "Kazi yetu nusu nzima ilikuwa hiyo. Kitufe kinajibonyeza? Unakiambia kibao kihesabu mpaka tatu kabla ya kuamini. Skrini inatetemeka ikiwa kwenye chaja? Unakiambia kisiamini kidole chochote chenye haraka kuliko binadamu."

Marketta akamwangalia. Tangu Aprili mumewe hakuwa ameongea maneno mengi namna hiyo kwa mkupuo mmoja.

Kufika jioni alikuwa ameshaandika kwenye kibao chake programu iliyofuata maelekezo ya wahudumu mstari kwa mstari: kugusisha, kuhesabu, kufunga. Kisha akakifunga kwenye mfuko wa plastiki na kukiweka ndani ya friza.

"Karibu na samaki wangu?" bibi Lempi aling'aka.

"Samaki hawana mtandao, mama."

Baada ya saa mbili akakitoa, kimeota ukungu mweupe. Ziara ilikuwa bado wazi. Saa zilikuwa zinahesabu, moja, mbili, bila kosa. Akakirudisha katikati ya samaki na matunda ya msituni. Kikatoka tena salama. Veijo akakaa chini, akakishika kwa mikono miwili.

"Si baridi," alisema taratibu, kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake.

* * *

Jumatano Marketta alirudi saa tisa alasiri, giza la majira ya baridi limeshaingia, akakuta kiti cha bafuni kimewekwa katikati ya sebule na bibi Lempi amekikalia, taulo mabegani.

"Mimi ni Eelis," bibi Lempi alisema. "Niogeshe."

"Tunafanya ziara yenyewe," Veijo alieleza. Kibandiko alikuwa amekitoa kwenye kadi ya zamani ya basi, amekibandika kwenye fremu ya mlango. "Mimi nimeshafanya mara mbili. Dakika kumi na tano, dakika kumi na tano. Sasa wewe. Fanya kama unavyofanya kwa Eelis, usibadilishe kitu."

Marketta akagusisha kibao mlangoni. Akakishika mkono wa kushoto kusoma dawa, kwa kulia akampima bibi paji la uso. Akamwinua mkono, akafuta kwapa kwa kitambaa kikavu.

"Eelis hana haraka kiasi hicho," bibi Lempi alilalamika. "Na mgongo?"

"Simama," Veijo akasema. "Ziara imefungwa. Sekunde sabini."

"Sijagusa kitu!"

"Rudia."

Akarudia. Sekunde arobaini. Mara ya tatu, dakika mbili kasoro. Veijo akachukua kibao, akazunguka nacho sebule nzima, akaruka nacho, akakipungia hewani. Hakuna kitu. Akamrudishia mkewe. Skrini ikazimika hapo hapo.

"Mkono wako wa kushoto una nini?"

"Una vidole vitano kama wako."

Veijo akausukuma juu mkono wa sweta ya mkewe. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na bangili pana ya rangi ya shaba, yenye vidonge vyeusi kwa ndani. Alikuwa ameiona miezi minne kila siku, mezani na saunani, na hakuwahi kuiangalia.

"Mama. Hii bangili ulinunua wapi?"

"Sinunui," bibi Lempi alisema kwa heshima ya mfanyabiashara. "Nauza. Sumaku halisi. Inavuta maumivu kwenye kifundo."

Kisha Veijo akaanza kucheka. Alicheka akiwa amesimama, akacheka akiwa amekaa sakafuni, machozi yakamtoka, akapiga zulia kwa kiganja.

"Unanicheka mimi?" Marketta akauliza, mikono kiunoni.

"Najicheka mimi! Miaka kumi na minne! Sikiliza. Kibao hakina kitufe cha kujua kama kifuniko kimefungwa, maana kitufe kinaingiza maji. Kwa hiyo kwenye kifuniko tuliweka kisumaku, kama punje ya mchele, na ndani ya kibao kuna kidude kinachonusa sumaku. Kikinusa, kinasema: aha, nimefunikwa, nilale. Na hawa wa manispaa, kwa sababu watu husahau kugusisha mlangoni wakitoka, wakakiambia: ukifunikwa, mhudumu ameondoka, funga ziara. Wewe unakishika kwa mkono wenye sumaku nane!"

"Kwa hiyo kila nikisoma dawa..."

"Umeondoka. Kwa maoni ya kibao, wewe umeshafika barabarani."

"Basi ivue," Veijo alisema kwa furaha, kama jambo limekwisha.

Marketta akaangalia bangili, kisha akamwangalia mama mkwe. Bibi Lempi alikuwa amejifunga taulo vizuri mabegani.

"Vua," alisema. "Vua tu mwanangu. Mimi ni nani. Nilikupa kwa sababu ulikuwa huwezi hata kufungua chupa ya matango, unalia jikoni unadhani sikuoni. Lakini vua."

"Mama, sijasema kitu."

"Umenyamaza. Ndiyo kusema kwenyewe."

Na ni kweli kwamba tangu Agosti mkono ule haukuwa umeuma. Daktari alisema ni kwa sababu amejifunza kuinua wazee kwa miguu badala ya mikono. Bibi Lempi alisema ni sumaku. Marketta hakutaka kuamua kati yao, na hasa hakutaka kuamua kwa kuijaribu.

"Halafu," bibi Lempi aliendelea, "mtawavua wangapi? Eelis anayo. Nilimuuzia mwenyewe. Yule jirani yake mwenye macho mabovu anayo. Hilja anazo mbili, moja kila kifundo cha mguu. Ukimshika Eelis mkono kumwinua, si ni yale yale? Au utawaogesha kwa mbali, kwa mpira wa bustani?"

Veijo alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anaangalia dari, na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Kifaa hakibadiliki," alisema. "Mama habadiliki. Haya. Inabaki programu."

* * *

Alipata wazo kabla ya chakula. Mbele ya kibao, juu ya skrini, kuna jicho dogo la kupima mwanga. Kifuniko kikifungwa kweli, sumaku inanuswa na jicho linaona giza, vyote kwa pamoja. Bangili inaleta sumaku bila giza. Basi kibao kiambiwe: usiamini pua peke yake, liulize na jicho.

Akaandika. Wakajaribu. Bibi Lempi akaogeshwa dakika ishirini, mara hii mpaka mgongo, na ziara haikufungwa hata mara moja. Veijo akapiga meza.

"Lakini Hilja hawashi taa," Marketta alisema.

"Vipi hawashi?"

"Anabana umeme. Namhudumia kwa mwanga wa mlango wa friji. Na sasa ni Desemba, Veijo. Jua lenyewe linachungulia kwa saa mbili tu na kuondoka. Halafu nikiwa namwinua mtu, kibao nakiweka mfukoni. Mfukoni kuna taa?"

Veijo akajikuna kichwa. Giza lilikuwa limebandikwa dirishani kama karatasi nyeusi, na saa ilikuwa bado ya chakula cha jioni. Maabara yao ilikuwa na taa kubwa mchana kutwa. Huko hakuna aliyewahi kufikiria mtu anayehudumia mwenzake kwa mwanga wa friji.

"Basi kiulize," alisema mwishoni. "Kikinusa sumaku na kuona giza, kisiamue. Kiulize kwa sauti kama unaondoka. Ukibonyeza kitufe cha pembeni, umeondoka. Ukinyamaza, bado uko. Kazi ni swali lenyewe, maana ukiwa umeshika mzee unahitaji kitu utakachokisikia."

"Nitauliza mimi," bibi Lempi akasema.

Alikwenda kijumbani kwake akarudi amechana nywele na kufunga skafu ya hariri, kana kwamba kibao kinapiga picha. Alisoma swali mara sita, Veijo akimrekodi. Mara ya kwanza alijitambulisha jina na mwaka wa kuzaliwa. Mara ya nne alikohoa. Ya sita ndiyo Veijo aliichukua: sauti kali, yenye mshangao wa mama mwenye nyumba ambaye mgeni wake ameanza kutafuta kofia kabla hajanywa. "Unaondoka bila kahawa?"

Alhamisi asubuhi Marketta alibeba vibao viwili, cha manispaa mfuko wa kulia, cha Veijo wa kushoto. Kwa mzee Eelis aligusisha vyote mlangoni. Eelis alikuwa mtu wa magogo enzi zake, amesukuma mbao mtoni tangu utoto, na mpaka leo alikuwa anakaa juu ya kiti cha bafuni kama mtu anayesubiri kiti kielee.

"Yule bosi wako alinipigia simu," alinguruma huku Marketta akimsugua. "Ananiuliza kama unakuja. Nikamwambia mimi sichungwi kama ng'ombe, nikakata. Nilikuharibia?"

"Kidogo tu, baba. Inua mkono."

Akamshika kwapani kumsimamisha, bangili yake ikagonga bangili ya mzee, zote mbili zikang'ang'aniana. Ndani ya mfuko wake sauti ikasema: "Unaondoka bila kahawa?"

Eelis aliganda. Kisha akanyakua taulo, kwa haraka ambayo Marketta hakuwahi kuiona kwake, akajifunika mbele.

"Lempi? Lempi, usiingie! Mwambie sina nguo!"

"Hayupo, baba. Ni kibao."

"Kibao gani kina sauti ya Lempi?" Alikuwa amekuwa mwekundu mpaka kipara. Akakaa, akafikiri, maji yakimchuruzika. "Atakuja lini, basi? Akiwa ana nguo... Nikiwa na nguo, nataka kusema."

Marketta alicheka mpaka ikabidi aegemee ukuta. Hakubonyeza kitufe. Kibao kikangoja, kikanyamaza, kikaendelea kuhesabu. Kile cha manispaa, kwenye mfuko wa pili, kilikuwa kimeshamwondoa kitambo.

* * *

Ijumaa saa saba kamili walikuwa ofisini wote wawili. Veijo alikuwa amevaa suti ya mazishi, ndiyo pekee inayomtosha. Marketta alikuwa amevaa sweta ya mikono mifupi, kwa makusudi.

"Mume wako si mfanyakazi wetu," Outi alisema.

"Si mfanyakazi wa mtu," Veijo akasema. "Nipe dakika tano tu."

Akaeleza kuhusu punje ya mchele na pua ya kibao. Outi alisikiliza uso mkavu. Kisha Marketta akaweka kibao cha manispaa mezani na kupitisha mkono wa kushoto juu yake. Skrini ikazimika. Akauondoa, ikawaka. Outi akaomba ile bangili, akaipitisha mwenyewe, mara moja, mara tatu, akaanza kuipitisha kwa kasi kama mtoto aliyepata swichi ya taa.

"Kwa hiyo dakika moja na nusu..."

"Ni mama mkwe wangu," Marketta alisema.

Outi akacheka, na Marketta akasikia mabega yake yakishuka kutoka masikioni, mahali yalipokaa tangu Jumanne. Veijo naye, kwa kujiamini, akachomoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameichapa maktaba asubuhi ile. Vibandiko vyote vya jana, kwa kibao chake, kwa programu iliyorekebishwa, majina kwa herufi za kwanza tu.

"Na hizi ndizo dakika zenyewe," alisema. "Za kweli."

Outi akaichukua, akasoma. Kicheko kikamwisha taratibu. Akaivuta karibu na macho.

"E.P. Dakika arobaini na tatu." Akaangalia kompyuta. "Amepewa ishirini. Huyu wa macho, thelathini na nane. Amepewa ishirini. H.K., dakika hamsini na moja." Akainua uso. "Hilja amepewa kumi na tano, Marketta. Na hapa tena, saa kumi na nusu, H.K., dakika tisa. Saa kumi na nusu zamu yako imeshakwisha."

Veijo alikuwa anaangalia karatasi yake kama mtu aliyemletea mkewe maua yenye nyuki ndani. Siku zote tatu Marketta alikuwa amepigana asionekane mtu wa dakika moja. Hakuwa amekaa hata mara moja akahesabu zile za kweli ni ngapi.

"Naenda kuangalia kama amezima jiko," alisema. "Hilja. Anasahau."

"Na chakula chako cha mchana?"

"Nakula mkate nikiwa kwenye baiskeli."

"Tangu lini?"

"Sijui. Tangu zamani."

"Kwa nini hukuniambia kwamba ishirini hazitoshi?"

Marketta akafikiria kumpa jibu zuri, akaliacha. "Mtu wa mkataba wa miezi mitatu akija kulalamika kuhusu dakika, ungempa wa nne?"

Outi alikuwa mwaminifu kwa namna yake. "Hapana," alisema.

Akasimama, akaenda dirishani. Chini kwenye maegesho mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, na sauti ya kukwangua ilisikika mpaka ndani.

"Hizo ishirini niliziandika mimi," alisema bila kugeuka. "Mnajua nilizipataje? Nilichukua saa za siku nikagawanya kwa idadi ya wazee. Hakuna mtu aliyekwenda kupima. Nilingoja vibao vije vinipimie."

"Sasa vimepima," Veijo alisema kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, Veijo," Marketta akasema.

Outi akarudi mezani. Akavuta droo, akatoa fomu ya manispaa ya ajira ya kudumu, yenye muhuri, jina la Marketta likiwa limeshaandikwa juu yake kwa mashine. Akaigeuza, akaisukuma mbele, akaweka kalamu juu.

"Kuna kanuni ya kumwadhibu mhudumu anayetoka mapema kwa mzee. Nimeisoma juzi, kwa ajili yako. Ya kumwadhibu anayechelewa kutoka nimeitafuta sasa hivi kichwani, sijaiona. Kamati inakaa Jumatatu, na nikiwapa karatasi hii wanaweza kuitunga. Leo ni Ijumaa. Saini."

Marketta akasaini. Jina lake lilitoka limepinda, refu kuliko mstari, herufi za mwisho zikapanda juu ya muhuri.

"Programu hiyo," Outi alimwambia Veijo, "usiguse nayo hata kibao kimoja cha manispaa. Mpaka nikupigie. Nitapiga Jumanne. Uwe karibu na simu, na uniambie unataka ulipweje." Kisha akavuta karatasi ya dakika za kweli, akachukua kalamu nyekundu. Akakata ishirini ya Eelis, akaandika arobaini na tano. Akakata ishirini ya yule wa macho, akaandika arobaini. Akafunika kalamu.

"Na Hilja?" Marketta akauliza.

"Usinisukume, Marketta."

Lakini alikuwa ameshaifunua tena kalamu, na kumi na tano ya Hilja ilikuwa na mstari mwekundu katikati.